Mlawi wa Miaka Hamsini na Dirisha Dogo

Kila mwaka ifikapo katikati ya Desemba, sisi tunaohudumu pande hizi za Mwenge tunajua kwamba baada ya ibada ya pili vijana hawatatawanyika upesi. Tuko karibu na uwanja wa KMC, ambao Simba na Yanga zote zimewahi kuutumia kama uwanja wa nyumbani, na mazungumzo ya mpira hapa hayahitaji kualikwa. Vijana husimama kivulini karibu na geti, mmoja ana simu mkononi, wengine wamemzunguka, wakisoma nani anakuja na nani anaachwa. Ni wakati wa dirisha dogo la usajili, na timu inayoyumba ina mwezi mmoja tu wa kujirekebisha.

Jumapili moja kijana wa kipaimara alituuliza mbele ya wenzake: "Mchungaji, timu ikiwa inafungwa, ni haki kuwatema wakongwe katikati ya msimu? Au ni dhambi?" Wenzake wakacheka. Sisi nasi tulicheka, tukasema mpira una wenyewe, tukaingia zetu ofisini. Lakini swali lilitufuata hadi jioni, maana lilikuwa limegusa mahali panapouma. Makala hii ni jibu tulilopaswa kulitoa pale getini, na ndani yake kuna ungamo ambalo siku ile hatukuwa tayari kulitoa mbele ya watoto. Msomaji asitafute humu kama sisi ni wa Msimbazi au wa Jangwani. Hilo tumeliacha nyumbani.

Tuanze na jambo lenyewe lilivyo. Tarehe 5 Novemba 2023, katika Uwanja wa Benjamin Mkapa, Simba ilifungwa na Yanga mabao 5 kwa 1. Siku mbili baadaye kocha wao Mbrazili, Robertinho, akaondoka. Akaja Abdelhak Benchikha kutoka Algeria. Dirisha dogo lilipofunguliwa, waliotoka ni washambuliaji wawili waliokuwa wakiimbwa majukwaani: Jean Baleke, Mkongo, na Moses Phiri, Mzambia, ambaye msimu wake wa kwanza alifunga sana mpaka alipoumia. Nafasi zao zikachukuliwa na Freddy Michael na Pa Omar Jobe. Kanuni za ligi zinaweka ukomo wa wachezaji wa kigeni, kwa hiyo mgeni mmoja hawezi kuingia kikosi kilichojaa pasipo mgeni mwingine kutolewa. Mlango ni mmoja, na ndio huohuo wa kutokea.

Je, timu iliponyoka? Msimu wa 2023/24 uliisha Simba ikiwa ya tatu, nyuma ya Yanga na Azam, ikaikosa Ligi ya Mabingwa Afrika ya msimu uliofuata. Benchikha mwenyewe aliondoka kabla ya msimu kwisha. Wale washambuliaji wapya nao hawakudumu, na Baleke tuliyeambiwa hafai akaonekana msimu uliofuata amevaa jezi ya Yanga. Hatusemi haya ili kuwacheka waliofanya uamuzi. Laiti wale wapya wangefunga mabao ishirini, leo tungewaita wenye hekima. Tunayasema kwa sababu mtu akiulizwa kwa nini amemwacha mwenzake katikati ya safari, jibu lake la kwanza huwa kwamba ilibidi, na mara nyingi ukiangalia baadaye unaona haikubidi sana.

Hata hivyo, tusikimbilie kuwalaani viongozi wa klabu. Timu ya mpira si nyumba ya wazee. Mchezaji aliyechoka akiendelea kupangwa kwa sababu tu ya heshima, yuko kijana benchini anayeibiwa siku zake, na ujana wa mwanasoka ni mfupi kuliko wa fundi seremala. Mashabiki wametoa nauli zao kutoka Mbagala na Gongo la Mboto. Kuna mishahara ya kulipwa, ya wapishi na walinzi wa klabu pia. Kiongozi anayekataa kufanya uamuzi mgumu kwa kuogopa kuitwa mkatili huenda hampendi mkongwe wake. Huenda anajipenda mwenyewe na jina lake jema.

Biblia inalijua jambo hili. Katika 2 Samweli sura ya 21 Daudi ameshuka vitani kupigana na Wafilisti kama alivyozoea tangu ujana, lakini safari hii anachoka. Jitu moja liitwalo Ishbi-benobu linataka kumuua, na ni Abishai mwana wa Seruya anayemwokoa. Ndipo watu wake wanamwapia kwamba hatatoka tena pamoja nao kwenda vitani, wasije wakaizima taa ya Israeli. Huyu ndiye aliyemwangusha Goliathi. Hakuna mkongwe mwenye historia kumzidi, na bado wenzake walimwambia basi. Angalieni lakini walivyomwambia. Hawakusema amekwisha. Hawakusema vita ile ilikuwa ngumu kwa sababu yake. Walimtoa uwanjani kwa sababu alikuwa wa thamani kuliko ushindi wa siku ile, na neno walilomwita ni taa. Mtu yuleyule, uamuzi uleule wa kumweka kando, lakini maneno mengine kabisa.

Hapa ndipo tunapoona shida yetu. Wapo wanaodhani swali ni kama mkongwe aachwe au asiachwe. Sisi tunadhani swali zito ni nini tunachombebesha anapotoka mlangoni.

Timu ikifungwa mabao matano, kosa ni la wengi. Kuna aliyesajili vibaya, kuna aliyechelewesha mishahara, kuna beki aliyelala, kuna kocha aliyepanga vibaya, kuna sisi mashabiki tuliowazomea wachezaji mpaka miguu ikawatetemeka. Lakini makosa ya wengi hayabebeki, yanatafuta mgongo mmoja. Katika Walawi 16 Haruni anaweka mikono yake juu ya kichwa cha mbuzi aliye hai, anaungama maovu yote ya wana wa Israeli, kisha mbuzi anapelekwa jangwani. Tukisoma kwa haraka tunaona ukatili kwa mbuzi. Tukisoma polepole tunaona kwamba Haruni alikuwa mkweli kutuzidi: aliungama wazi, watu wote wakisikia, kwamba dhambi zile ni za watu, si za mbuzi. Sisi tunamfukuza mbuzi na kusema dhambi zilikuwa zake tangu mwanzo. Halafu tunashangaa kwamba msimu unaofuata maovu yetu bado tunayo nyumbani. Na kama Kristo amebeba mara moja kwa wote, kama Waraka kwa Waebrania unavyofundisha, basi Mkristo hana ruhusa ya kumtafuta mbuzi mwingine, si kanisani, si kazini, si Msimbazi.

Kwetu Dar es Salaam kuna msemo siku hizi: mchezaji "kupewa thank you". Klabu inaweka picha yake mtandaoni na maneno mawili ya shukrani, na kila mtu anajua maana yake ni kwamba ameachwa. Neno la shukrani limekuwa jina la kufukuzwa! Chini ya picha ile watu wanaandika: mzee huyo, ameisha, alituchelewesha, akalime. Waandishi wa maneno hayo wengine tumewabariki madhabahuni. Sote tulijifunza Amri ya Nane katika Katekisimo Ndogo ya Luther, na wengi tuliikariri mbele ya mwinjilisti tukiwa tunatetemeka. Luther hakuishia kukataza uongo. Anataka tumtetee jirani, tumseme vizuri, na kila jambo lake tulifasiri kwa upande ulio mwema. Kama amri hiyo inafaa kwa jirani wa ukuta kwa ukuta, inamfaa pia mtu aliyekimbia dakika tisini kwa ajili ya furaha yetu, na ambaye mama yake anasoma maneno yale kwenye simu huko alikozaliwa.

Amri ya Saba nayo iko karibu. Kanuni za FIFA haziruhusu upande mmoja kuvunja mkataba wa mchezaji katikati ya msimu hivihivi; klabu inatakiwa kukubaliana naye, kumlipa haki yake, au kumpeleka kwa mkopo kwa ridhaa yake. Klabu kadhaa za nchi yetu zimewahi kufungiwa kusajili kwa sababu ziliwaacha watu pasipo kuwalipa. Wengine huliona jambo hili kama usumbufu wa wazungu wa Zurich. Kwa Katekisimo yetu jina lake ni fupi zaidi, ni wizi.

Wamarekani wana mchezo wao wa besiboli, ambao wengi wetu hatuujui, lakini una somo moja. Huko timu inayoshindwa haimwachi tu mchezaji. Inambadilishana na timu nyingine kabla ya siku ya mwisho ya msimu kufanya hivyo, naye anahama na mkataba wake. Mwaka 1969 timu ya St. Louis Cardinals ilimpeleka Philadelphia mchezaji aitwaye Curt Flood, aliyekuwa amewatumikia miaka kumi na miwili. Alikataa kwenda. Alimwandikia mkuu wa mchezo huo kwamba hajioni kuwa mali ya kununuliwa na kuuzwa pasipo kuulizwa. Alikuwa mtu mweusi, na maneno hayo kinywani mwake yalikuwa na uzito ambao sisi wa pwani hii, tunaoipita njia ya Bagamoyo kila siku, tunapaswa kuuelewa upesi. Alikwenda mahakamani, na mwaka 1972 Mahakama Kuu ya nchi ile ikaamua dhidi yake. Alipoteza kesi na kazi. Lakini mwaka 1973 wachezaji na wenye timu walikubaliana kwamba aliyecheza miaka kumi katika ligi kuu, mitano ya mwisho akiwa na timu hiyohiyo, asihamishwe bila yeye kukubali. Yaani muda wa utumishi ukapewa sauti. Timu bado ina haki ya kutaka kumhamisha, ila ni lazima imwendee na kumuuliza.

Na hapo tunarudi jangwani kwa Musa, mahali tulipotaka kufika tangu mwanzo. Hesabu sura ya 8, mwishoni kabisa, aya ambazo hatukumbuki kuzisikia zikihubiriwa. Mlawi anaingia katika utumishi wa hema ya kukutania akiwa na miaka ishirini na mitano, na afikapo hamsini anaacha kazi. Kazi ile haikuwa ya kuimba tu. Hema ilibomolewa na kusimamishwa kila kambi ilipohama, na wana wa Kohathi walivibeba vitu vitakatifu mabegani, maana hawakupewa magari. Mungu anajua bega la mtu wa miaka hamsini. Anaweka ukomo, na ukomo huo ni wa rehema. Lakini aya haiishii hapo. Inasema mzee huyo atahudumu pamoja na ndugu zake hemani, kulinda malinzi, ila kazi ile hataifanya. Mzigo umeondolewa begani mwake, naye mwenyewe hajaondolewa hemani.

Tumeliona jambo hili kwa macho hapa Mwenge kwa wachonga vinyago. Mpingo ni mti mgumu, unachosha mikono. Tumemwona mzee aliyeacha kushika tezo, kazi ya kupasua na kuchonga amewaachia vijana. Yeye amekaa pembeni na msasa, anasugua, na kila baada ya muda kijana anamletea kinyago akiuliza kama shingo imekaa sawa. Mzee anakigeuza, anakirudisha. Hatujui analipwa kiasi gani. Tunajua kwamba yupo.

Fundisho letu la kuhesabiwa haki kwa imani linasaidia hapa, kama hatulitumii vibaya. Uwanjani mtu anahesabiwa kwa matendo, na ndivyo inavyopaswa. Hakuna bao la imani. Mshambuliaji asiyefunga ni halali kuketi benchini, na mchungaji anayedai apangwe kwa sababu ya neema amechanganya falme mbili ambazo Luther alihangaika kuzitenganisha. Uovu unaanza pale hukumu ya uwanjani inapovuka mstari na kuwa hukumu ya mtu mwenyewe, pale "hafungi" inapogeuka "hafai". Neno la kwanza lina haki ya kusemwa na kocha. La pili hakuna binadamu aliyepewa.

Sasa ungamo letu.

Miaka kadhaa iliyopita, katika usharika mwingine tuliokuwa tukiuhudumia, kwaya ilishindwa vibaya mashindano ya uimbaji, kwa mwaka wa pili mfululizo. Mwalimu wa kwaya alikuwa mzee aliyeifundisha tangu usharika ukiwa mtaa, watu wakisalia chini ya mwembe. Aliandika nota za solfa kwa mkono, kwenye madaftari ya shule, sauti nne, kwa kalamu ya bluu na nyekundu. Sikio lake la kulia lilikuwa limeanza kuwa zito. Sauti ya tatu ikipotea, hakuisikia tena kama zamani. Vijana walitaka kinanda na mwalimu mpya, na kwa kweli walikuwa na hoja. Baraza la Wazee lilikaa, likajadili kwa dakika zisizozidi ishirini, likaamua abadilishwe. Tulikuwa mwenyekiti wa kikao kile.

Uamuzi wenyewe hatuujutii. Hata leo tungepiga kura vilevile. Tunachojutia ni kwamba hakuna mmoja wetu aliyekwenda kwake. Kila mzee alidhani mwenzake ataenda, na sisi wenyewe tulikuwa na mazishi Ijumaa na harusi Jumamosi. Jumapili ikafika, matangazo yakasomwa, na katikati yake, baada ya mavuno na kabla ya ndoa tarajiwa, yakasomwa maneno kwamba usharika unamshukuru mwalimu kwa utumishi wake na unamkaribisha mwalimu mpya. Shukrani tena. Alikuwa amesimama na kwaya, karatasi mkononi, tayari kuanzisha wimbo. Aliuanzisha. Aliuimbisha mpaka mwisho, akaketi. Jumapili iliyofuata hakuja, na iliyofuata tena hakuja.

Sikio lake lilikuwa kweli limechoka. Lakini mashindano yale hatukuyapoteza kwa sikio lake peke yake. Waimbaji walikuwa wakija mazoezini nusu, na Baraza lilikuwa limekataa kununua hata betri za kinanda kidogo kilichokuwapo. Hayo hayakutangazwa. Kwa kumtoa yeye tulijipa picha kwamba tumelishughulikia tatizo, na mwaka uliofuata, tukiwa na kinanda kipya, tulishindwa tena.

Tunajua kuna watakaosema mfano huu haufanani na mpira, maana mwanasoka ni mtu wa mshahara na yeye pia huwaacha watu. Ni kweli. Clatous Chama alipoondoka Simba kwenda Yanga mwaka 2024, waliolia ni mashabiki. Uaminifu una pande mbili, na mchezaji anayehama kwa bei kubwa hana haki ya kudai aombolezewe kama Mlawi. Tunakubali. Ila wa namna hiyo ni wachache, na kwenye kila kikosi wapo wengine ambao wameweka miaka yao mahali pamoja.

John Bocco alikuwa mmoja wao. Alikuja Simba kutoka Azam mwaka 2017, akawa nahodha katika miaka ambayo klabu ilichukua ubingwa mara nne mfululizo. Katika ule msimu wa mabao matano alikuwa ameshapungua, hakucheza sana, na dirisha dogo lilipita akiwa bado ndani ya nyumba. Aliagwa msimu ulipokwisha, kisha akaendelea kucheza JKT Tanzania. Hatujui yaliyosemwa vyumbani. Kwa nje ilionekana kwamba mtu aliruhusiwa kumaliza mwaka wake, jambo dogo ambalo halikuigharimu klabu ubingwa.

Yule kijana wa kipaimara, basi, tungemjibu hivi: kumwacha mkongwe siyo dhambi. Nenda kwake kabla ya tangazo. Mlipe. Sema mbele ya watu sehemu ya kosa iliyo yako. Kama kuna kazi ya malinzi, mpe, na kama hataitaka, hilo ni lake kuamua. Angetuuliza kama sisi tulifanya hivyo.

Tulikwenda kwa mwalimu baada ya miezi minne. Alitupokea vizuri, mkewe akaleta chai na mihogo, tukaomba radhi. Alinyamaza muda mrefu, mpaka tukadhani hakusikia, tukaanza kurudia kwa sauti kubwa. Akainua mkono kuonyesha kwamba amesikia. Kisha akaulizia madaftari yake ya nota, yaliyobaki kwenye kabati la kwaya. Yalikuwa matano. Tulipofungua kabati tulikuta matatu. Mengine mawili mwalimu mpya alikuwa nayo nyumbani, akiyatumia kufundishia.